Nani Alilipandisha Gari la Mzee Mwakima?

Sogeeni karibu. Na yule ambaye hadithi ikifika katikati huanza kusinzia, asinzie sasa hivi amalize, kwa sababu mwisho wa hii kuna swali, na sitaki mtu aniambie kwamba hakusikia mwanzo wake.

Katika milima ya Taita, juu ya Mwatate, palikuwa na familia moja ambayo Mungu aliijalia vipawa vitatu na kuinyima kitu kimoja tu, kusikilizana.

Kipawa cha kwanza kilikuwa puani. Mwadime, kifungua mimba wa nyumba ile, alifanya kazi kwenye kituo cha petroli kule Voi. Alikuwa ameshika pampu kwa muda mrefu hivi kwamba angeinama kwenye mdomo wa tangi, anuse mara moja, akuambie mafuta yale umeyanunua wapi, kama yamechanganywa na mafuta ya taa, na kama yalilala kwenye mtungi mpaka yakafa ladha. Mtu akibisha, humwambia, "Nenda kaulize ulikonunua." Na wakienda kuuliza, hurudi kimya.

Kipawa cha pili kilikuwa masikioni. Saru, dada yake Mwadime, alisomea umekanika katika chuo cha ufundi na kufungua gereji ya mabati pale Mwatate. Gari lingepita barabarani, naye yuko nyuma ya nyumba ananyonyoa kuku, aseme tu bila kuinua kichwa, "Hilo plagi moja imekufa," kisha aendelee na kuku wake.

Kipawa cha tatu kilikuwa miguuni. Mwachofi, mdogo wake marehemu baba yao, ujana wake wote aliumalizia kwenye lori za mkonge. Mguu wake wa klachi na mguu wake wa mafuta ulielewana kuliko watu wengi wanavyoelewana na wake zao. Yeye mwenyewe husema kwamba alikuwa akisimamisha lori lililojaa katikati ya mlima, na kikombe cha chai juu ya dashibodi, kisha akaliondoa tena bila tone kumwagika. Habari hiyo ya chai ni yake. Lakini wapo watu wazima, tena wa kanisani, wanaosema waliiona.

Na katikati ya hao alikuwepo Mama Ndeleji, mjane wa Mzee Mwakima, mama wa wawili wa kwanza na shemeji wa huyo wa tatu. Yeye alisema hana kipawa chochote. Alichokuwa nacho ni gari, kengele, na ahadi ya mtu aliyekufa.

Ahadi ilikuwa hivi. Waumini wa Irindinyi, kule juu kabisa mpando unapoishia, walichanga wakaagiza kengele ya kanisa. Si ya kuning'iniza kwenye mlango wa darasa, la. Kengele ya shaba, nzito, ya kusikika mpaka bondeni. Siku ilipotangazwa, Mzee Mwakima alisimama katikati ya ibada akainua mkono. "Hiyo kengele," akasema, "itapanda huku kwa gari langu. Sitaki lori la mtu liiguse." Watu wakapiga makofi. Mwezi haukwisha, Mzee akaugua, akalala. Kengele ilipofika, mwenye ahadi alikuwa ardhini.

Wakaishusha nyumbani kwa Mama Ndeleji, chini ya mpando, wakaiweka barazani na kuifunika gunia. Na katika ukoo ule, marehemu akiacha neno halijatimia, kaburi lake haliwekwi msalaba wa saruji. Hukaa na ule wa mti, unaoliwa na mchwa, mpaka neno litimie. Kwa hiyo Mama Ndeleji akitoka mlangoni, kulia anaona kengele na kushoto, ng'ambo ya shamba la mahindi, anaona ule msalaba wa mti umeanza kuinama.

Mwenye lori moja wa Wundanyi, mtu mwema, alikuja mwenyewe kusema ataipandisha bure. Mama Ndeleji akamshukuru, akampa chai, akakataa.

"Marehemu alisema gari lake," alimwambia. "Alisema mbele ya madhabahu."

Padre Mnjala naye akaja. "Mama, Mungu hawezi kulishikilia neno la namna hiyo."

"Mungu hajalishikilia, Padre. Nimelishikilia mimi."

Sasa, gari lenyewe. Lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, na kwenye barabara ya tambarare lilikwenda vizuri kabisa. Lakini ule mpando watu waliuita Vunja-Gia, na jina hilo halikutolewa kwa utani. Katikati yake palikuwa na kona yenye mwamba mkubwa ambao wahubiri wa barabarani waliuandika kwa rangi nyeupe: MUNGU ANAKUONA. Gari la Mzee Mwakima likiwa tupu lilipita pale likihema. Likibeba kengele lilizimika pale pale, chini ya maandishi, kama lililokamatwa na dhambi.

Kengele ikakaa barazani. Kuku wakaanza kulala juu yake. Jumapili moja, wakati wa matangazo, Padre akauliza kwa upole kabisa, "Na kengele yetu, Mama?" Kabla hajajibu, kwenye mabenchi ya nyuma mtu akanong'ona, kwa ule mnong'ono wa kusikika, "Inaatamiwa." Watu wakacheka ndani ya leso zao.

Mama Ndeleji akasimama. "Yeyote wa nyumba yangu," akasema, "atakayelifikisha gari la Mzee hapa mlangoni, na kengele iko ndani, gari ni lake. Nimesema mbele ya madhabahu kama alivyosema mwenzangu." Akaketi.

Njiani kurudi, alijua. Alijua kwamba hakusema kwa imani, alisema kwa hasira, na hasira ndiyo dhambi yake anayoiungama kila mwaka na kuibeba tena kila mwaka. Alimwambia Mungu hivyo, waziwazi, akiwa anashuka ule mteremko kwa miguu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu walikuwa wameshalisikia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwadime. Alitoka Voi na mitungi ya petroli, si ya pampu ile ya watu wote, bali ya pampu ya pembeni, yenye oktani ya juu na bei mbaya, inayonunuliwa na wenye magari makubwa.

"Mama, unalilisha gari uji halafu unataka libebe kengele," alisema, akinyonya yale mafuta ya zamani kwa mpira ili kumimina yake. "Hii ndiyo yenye nguvu. Nusa."

"Mimi sitanusa petroli, baba. Jaza twende."

Saru alikuwa ameegemea mlango na mikono kifuani. "Umeacha kulilisha uji, unalilisha pilau. Tumbo si ni lile lile?"

"Wewe ngoja."

Wakapakia kengele. Mama Ndeleji akakaa nyuma akiishikilia isibingirike. Mwadime akashika usukani. Gari likapanda, likakata kona ya kwanza, likakata ya pili, likafika penye mwamba, likazimika. Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mwadime akasema injini haijazoea. Wakashuka, wakapanda tena. Injini ikazimika tena, pale pale, na Mungu anawaona.

"Lakini imezimika na harufu nzuri," Saru alisema.

Siku iliyofuata ikawa zamu ya Saru. Alifungua boneti, akasikiliza injini ikiunguruma kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto, kisha akasema, "Baba aliirudisha taiming nyuma."

"Kwa Kiswahili," mama yake alisema.

"Cheche ya plagi inapiga kwa kuchelewa, Mama. Pistoni imeshaanza kushuka ndipo moto unawaka. Nusu ya nguvu inatokea kwenye ekzosi. Baba aliirudisha hivyo makusudi, sijui kwa nini. Mimi naisogeza mbele, ipige kwa wakati wake."

Mwadime kusikia hivyo akachukua ule mpira wake akaanza kunyonya petroli yake kutoka kwenye tangi na kuirudisha mitungini.

"Sasa unafanya nini?" Mama Ndeleji aliuliza.

"Si wamesema ni harufu tu? Basi naondoka na harufu yangu."

Saru hakumjali. Akanunua petroli ya kawaida, ile ya madebe inayouzwa dukani pale njia panda, akalegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi cheche, akaigeuza kidogo, akaikaza. Na kweli, gari lilipowashwa lilibadilika sauti. Kwenye tambarare lilichomoka hadi mbuzi wa jirani wakakimbia. Mama Ndeleji, nyuma na kengele yake, akaanza kumsifu Bwana kimoyomoyo.

Alisifu mapema. Mpando ulipoanza kukaza, injini ikaanza kugonga. Kokoto ndani ya mkebe, ndivyo ilivyolia, na kadiri Saru alivyokanyaga ndivyo mkebe ulivyotikiswa. Hata mwamba hawajauona, Saru mwenyewe akafunga breki na kuzima.

"Mbona umezima?" mama yake aliuliza.

"Ikiendelea hivi itatoboa pistoni. Siliui gari la Baba kwa ajili ya kushinda."

Wakarudi nyuma kinyumenyume hadi chini. Mwadime alikuwa amekaa juu ya mtungi wake barazani. "Mbona mmerudi mapema?" aliuliza. "Hata sijamaliza chai." Saru akairudisha taiming kama baba yake alivyoiacha, akafunga boneti kwa nguvu ambazo boneti haikuhitaji, na wale wawili hawakusalimiana tena siku hiyo.

Zamu ikamfikia Mwachofi. Yeye hakuleta mtungi wala spana. Alivua viatu.

"Shemeji, hawa watoto wanalitibu gari," alimwambia Mama Ndeleji. "Gari haliumwi. Linataka mtu."

Akaendesha miguu mitupu. Na lazima tuseme kweli, kwa kuwa aliyemnyima mtu haki yake ametenda dhambi: lile lilikuwa jambo la kutazama. Petroli ilikuwa ile ile ya madebe, taiming ile ile ya kuchelewa, lakini Mwachofi alizikata kona kwa upana, akaomba nguvu kidogo kidogo kama mtu anayemsihi mtoto mgonjwa anywe uji. Wakafika penye mwamba. Wakaupita. Waliupita kwa urefu wa gari lenyewe, kisha injini ikakata roho. Breki ya mkono ilikufa zamani, lakini gari halikurudi nyuma hata unyayo. Mwachofi alilishika pale kwa mguu wake, akangoja bila haraka mpaka mawe yakawekwa.

"Nimepita mwamba," alisema.

"Kanisa liko mwambani?" Mama Ndeleji aliuliza.

Jioni ile walikaa barazani wote watatu, kila mmoja akiwa na sababu. Mwadime alisema petroli yake haikupewa nafasi. Saru alisema petroli ya oktani ni ujinga wa watu wenye pesa. Mwachofi alisema angekuwa na gari la maana angefika mpaka Wundanyi. Chai ikapoa kwenye vikombe. Walibishana, wakarudia, wakarudia kurudia, mpaka Mama Ndeleji akahisi kitu kinampanda kutoka miguuni.

"Nyamazeni," alisema.

Vikombe vikawekwa chini.

"Saru. Ile kugonga inatokana na nini?"

Saru alichezea ukucha wenye grisi. "Petroli inabanwa sana ndani, inapata joto, inawaka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Haina uvumilivu."

"Na hiyo ya kaka yako?"

Saru akarudi kwenye ukucha wake. Mama yake akamgeukia mwingine. "Mwadime, nakuuliza wewe. Yako ikibanwa?"

"Inavumilia," Mwadime alisema polepole. "Oktani ndiyo hiyo, Mama. Ni kuvumilia kubanwa."

"Kwa hiyo haina nguvu kuliko nyingine."

Mwadime alitazama miguu yake. "Nguvu ni ile ile."

"Na ulituambia ina nguvu. Ulituambia tunuse."

"Ndivyo wateja wanavyopenda kusikia, Mama. Ukiisema kila siku unaishia kuiamini mwenyewe. Nisamehe."

Mama Ndeleji akafumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu watoto wake kwenye umati. "Basi hebu mnisaidie mimi ambaye sikusoma. Saru akisogeza hiyo taiming yake, gari linapata nguvu lakini petroli ya duka haivumilii. Petroli ya Mwadime inavumilia, lakini bila kusogezwa hakuna cha kuvumilia. Ni mimi tu ninayeona, au na nyinyi mnaona?"

Waliona. Walikuwa wameona tangu jana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mwadime akasema hatii petroli yake kwenye gari ili Saru alichukue. Saru akasema hasogezi distribyuta ili Mwadime alichukue. Mwachofi akasema kwa vyovyote vile usukani ni wake, na mshika usukani ndiye anayefikisha, hata Biblia haisemi vingine.

"Biblia haijasema kitu kuhusu usukani, Mwachofi."

"Ndiyo maana nimesema haisemi vingine, shemeji."

Asubuhi, baada ya sala, Mama Ndeleji alivaa gauni lake la kanisani, akaingia garini, akakaa nyuma karibu na kengele, akafunga mlango. Wakamkuta humo.

"Mama, unaenda wapi?" Saru aliuliza.

"Kanisani. Nikitoka humu nitatokea mlangoni pa Irindinyi. Mkitaka kubishana, bishaneni huko mbali, nina kichwa."

"Na chakula?"

"Mtaniletea humu."

Walifikiri anatania. Jua likapanda, bati la gari likaanza kuwaka moto, na Mama Ndeleji akafungua dirisha na kuanza mfululizo wa nyimbo za tenzi, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu asiye na pa kwenda. Majirani wakaanza kupita pita. Mmoja akamuuliza Mwadime kama mama amepata ugonjwa. Aibu ikafanya kazi ambayo maombi hayakufanya. Mwadime akabeba mitungi. Saru akachukua spana. Mmoja alimimina, mwingine akageuza, wakipishana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Mwachofi akavua viatu.

Walipanda wote wanne. Mwadime alikaa mbele na pua dirishani, akinusa kama kuna mafuta yanayovuja. Saru alikaa nyuma yake, kichwa nje, akisikiliza kokoto. Kokoto hazikulia. Kona ya kwanza. Ya pili. Mwamba ukaja, ukapita, na gari bado linavuta, kwa sauti nzito iliyotulia ambayo Mama Ndeleji hakuisikia tangu mumewe alipolinunua.

Juu ya mwamba, pale mpando unapokuwa ukuta, wakakutana na lori la kabichi linashuka. Njia ilikuwa ya mmoja. Lori haliwezi kurudi, limejaa. Mwachofi akasimama, magurudumu ya kushoto kwenye ukingo, na upande ule chini hakukuwa na kitu isipokuwa vilele vya miti. Kengele ikateleza ikagonga mlango wa nyuma. Mama Ndeleji akaikumbatia kama anavyokumbatiwa mtu.

"Usiangalie chini, shemeji," Mwachofi alisema. "Mimi siangalii."

Lori likapita, karibu likwaruze rangi. Sasa kuondoka, kutoka kusimama, kwenye ukuta, bila breki ya mkono. Mguu mmoja wa Mwachofi ulikuwa breki na mafuta kwa pamoja, kisigino huku na vidole kule. Mwingine ulikuwa unainuka kwenye klachi taratibu, mpaka gari zima likatetemeka kama mnyama anayetaka kusimama. Saru alisema, "Haigongi, Baba mdogo, ongeza." Mwadime alisema, "Inachoma safi, ongeza." Mwachofi akaongeza. Gari likasogea mbele. Halikurudi nyuma hata kidogo, na Mama Ndeleji, aliyekuwa na mlango wa nyuma mgongoni mwake, ndiye shahidi.

Wakafika. Wanaume wa Irindinyi wakaishusha kengele. Mama Ndeleji akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na kumwambia mumewe kwamba neno lake limetimia. Alilia kidogo. Alikuwa amestahili kulia kwa utulivu, lakini hakuachiwa, kwa sababu nyuma yake mabishano yalikuwa yameanza kabla soda hazijafunguliwa.

"Mama, wewe mwenyewe ulisikia ilivyogonga kwa petroli ya duka," Mwadime alisema. "Nyonya petroli yangu, mimina ile ya madebe, uone kama litafika kona ya pili. Mimi nilikiri kosa langu. Nilisema ina nguvu, haina. Lakini bila uvumilivu wake nguvu za Saru zingetoboa injini. Tena mimi ndiye mtoto wa kwanza."

"Uzaliwa wa kwanza haupandi mlima," Saru alisema. "Mama, petroli yake ilikuwa kwenye tangi ile siku ya kwanza na gari likazimika mara mbili mbele ya macho yako. Nguvu iliyotupandisha ilikuwa imefungwa kwenye injini tangu siku Baba alipoirudisha taiming. Aliirudisha kwa sababu ya petroli mbovu, sasa najua. Lakini aliyeifungua ni mimi. Irudishe ilivyokuwa, halafu mwambie Mwadime amimine mpaka ifurike."

Mwachofi alikuwa anavaa viatu. "Mimi sibishani na watoto," alisema. "Shemeji, nakuuliza tu. Pale lilipopita lori, ungemweka nani pale mbele? Mwenye pua? Mwenye masikio? Kengele ingekuwa bondeni saa hizi, na sisi tukiwa huko pamoja nayo."

Na hapo ndipo Mama Ndeleji alipopata kazi ngumu kuliko ya kupandisha kengele. Wote watatu walisema kweli. Aliwaona mmoja mmoja wakishindwa, akawaona pamoja wakiweza. Hakuna aliyedanganya, na angekuwepo aliyedanganya ingekuwa rahisi.

Padre Mnjala alipoulizwa, alikuna kidevu. "Mama, mimi ni mchungaji wa roho. Magari siyajui."

"Gawaneni," mzee mmoja wa kanisa alishauri. "Uza, mgawane."

"Nilisema 'lake'," Mama Ndeleji alimjibu. "Sikusema 'lao'. Nilisema hapa hapa, mbele yako ukiwa umekaa benchi la pili. Nimekaa na kengele ya watu barazani, kuku wakailalia, kwa sababu sikutaka kulipindisha neno la marehemu. Sasa nilipindishe langu?"

Mzee akanyamaza. Mwachofi, ambaye hana adabu ya kunyamaza wenzake wakinyamaza, akasema, "Au tuseme gari ni la shemeji mwenyewe. Si yeye aliyetuunganisha? Asingekataa kushuka, mpaka leo kila mtu angekuwa na kipawa chake na kengele ingekuwa na mayai. Tena alisema 'yeyote wa nyumba yangu'. Yeye ni wa nyumba ya nani?"

Watu wakacheka. Mama Ndeleji hakucheka. Moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, na kuruka huko ndiko kulikomtisha. Alipojichunguza usiku kwenye sala alikiri kwamba alilipenda wazo lile mno: kubaki na gari, kutomwudhi yeyote, na kujiita mwenye haki. Lakini mtu anatangaza zawadi mbele ya madhabahu kisha anaichukua mwenyewe, huyo naye ataitwaje? Kisha akajiuliza tena, na kama kweli alistahili, je, kuikataa haki kwa kuogopa maneno ya watu si kiburi kingine? Alilala bila jibu.

Wiki ile nzima watoto wake na shemeji yake hawakusemezana. Mwadime alirudi Voi bila kuaga. Saru alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Ukimpa mmoja wao kwa sababu ni mwanamume, sema tu ni hivyo, nijue." Mwachofi alipita nyumbani mara kwa mara akiulizia hali ya gari, si hali ya mtu.

Jumapili ikafika. Wakati wa matangazo, Padre Mnjala akasema, "Mama Ndeleji ana neno." Mwadime alikuwa amekuja, amekaa benchi la kulia. Saru la kushoto. Mwachofi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama Ndeleji akatembea mpaka mbele, ufunguo wa gari mkononi, akageuka, akawaona wote watatu kwa pamoja, kila mmoja amemkazia macho. Kanisa zima likaacha hata kukohoa. Akafungua kinywa.

Mimi namwacha hapo, kwa sababu siwezi kumsaidia. Usiniambie ampe mwenye petroli kwa kuwa bila yeye injini ingekufa, halafu ukamsahau aliyeiamsha injini. Usiniambie ampe aliyeiamsha, halafu ukasahau ile nafasi kati ya lori na bonde. Usiniambie ni dereva, kana kwamba dereva hakushindwa alipokuwa peke yake. Na ukitaka kusema ni la mama mwenyewe, sema, lakini simama pale mbele umtazame Saru usoni ukisema hivyo.

Haya, ni zamu yako. Ufunguo uko mkononi mwako, kanisa limenyamaza, na neno lako likishatoka halirudi. Unamwita nani mbele, na wale uliowaacha kwenye mabenchi utawaambia nini?